Moshi wa Maharagwe

Asubuhi ya mwisho ya amani niliimaliza nikigombana na kuku. Alikuwa kuku mwekundu wa Sajenti Nyambu, na tabia yake ilikuwa kutagia ndani ya sufuria yangu kubwa, ile ya maharagwe, kana kwamba ranchi nzima haikuwa na kichaka. Nilimfukuza kwa mwiko mpaka kwenye zizi. Sajenti alikuwa ameketi juu ya debe akinyoa ndevu. Akaniambia, "Wakesho, mwache kuku wangu. Yeye angalau analeta kitu mezani."

Nilicheka, maana alikuwa shemeji yangu na ilikuwa haki yake kunitania. Nyambu alimwoa dada yangu mkubwa, Mkambe, aliyebaki milimani Mgange na watoto na shamba la mboga. Zamani alikuwa askari jeshi. Alipostaafu akapewa kazi ya kuongoza walinzi sita wa ranchi moja huko Kishushe, naye akanivuta niwe mpishi wao. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Barabara ilikuwa moja, mbovu kiasi kwamba lori la ranchi likifika kutoka Voi bila kuvunjika tulilipigia makofi.

Siku niliyoondoka nyumbani, dada alinishika mkono akasema, "Nimekupa mume wangu umtunze. Umrudishe vile alivyo." Nilidhani anazungumzia kufua soksi.

Watu wa Nairobi waliyaita mambo yale ujangili. Sisi tuliokuwa ndani yake tuliyaita vita, kwa sababu mtu akikupiga risasi humwulizi jina la shughuli yake. Magenge yaliingia mbugani kutafuta tembo na faru, na bunduki zao zilimimina risasi kama mahindi yanayomwagwa kwenye debe. Maji na chakula vikiwaishia huko, walivuka wakaja kwetu kwenye ranchi. Walichukua mbuzi. Aliyewaona uso hawakumwacha aende kusimulia. Walinzi wetu walikuwa na bunduki nne za zamani, za kutoa risasi moja moja, na mbili kati ya hizo zilihitaji kubembelezwa kwanza.

Alasiri ya siku ile ile ya kuku, mchungaji wa kambi jirani aliuawa kando ya lambo tulilonyweshea ng'ombe. Nyambu ndiye aliyembeba mgongoni hadi kambini. Alimlaza chini, akamfunika na koti lake mwenyewe, kisha akaingia kwenye hema lake. Tuliuona mguu mmoja tu ukitokeza nje, na kiatu hakukivua usiku kucha.

Kuanzia siku hiyo akawa mtu mwangalifu kupita kiasi. Alituchimbisha handaki. Akakataza kuimba, yeye mwenyewe mwimbaji wa sauti nene katika kwaya ya kanisa. Baya zaidi kwangu, akakataza moshi mchana. Jiko liwashwe saa kumi za alfajiri, na kabla jua halijatoka liwe limezimwa na majivu yamefunikwa mchanga.

Sasa mwambie mpishi yeyote apike maharagwe kwa saa mbili, kwa kuni mbichi, kwa maji ya chumvi. Usiniambie ningeyaloweka kwanza, kwani maji yenyewe tulipimiwa kwa kikombe. Kwa wiki tatu wanaume wale walikula maharagwe yaliyolia mdomoni kama kokoto, na ugali uliopoa tangu jana. Matumbo yao yalinguruma hata wakiwa wamejificha. Kimeu, Mkamba mmoja mrefu aliyekuwa mlinzi wa pili kwa cheo, alisema milio ya kwanza ya vita ile haikutoka kwa adui.

Lakini mzaha una mwisho. Walinzi wawili, ndugu wa tumbo moja, waliomba ruhusa ya kwenda Marungu kumwona mama mgonjwa, na mazishi ya mama huyo mimi nilikuwa nimehudhuria. Hawakurudi. Kimeu naye akaanza kukunja blanketi lake kila asubuhi na kulifunga kamba. Kila mtu alimtazama Sajenti, na Sajenti, baada ya kumbeba yule marehemu, alikuwa akishtuka hata kuku akipiga mbawa. Nikaona kwamba wakiondoka wote, kambi imekwisha na kazi yangu imekwisha. Na niseme ukweli, kwa kuwa nimezeeka na sina haja ya kujipamba: nilikuwa pia nimechoka na yale maharagwe.

Ndipo akaja Mjomba Mwachia. Alikuwa kaka ya mama yetu, mtu wa milimani, msomaji wa utumbo wa mbuzi. Kwetu Wadawida, mnaotuita Wataita, jambo hilo halikuwa la kuficha sana. Mbuzi huchinjwa, utumbo ukatandazwa, na mwenye kujua huusoma: hapa kuna mvua, hapa kuna ugonjwa, hapa kuna safari isiyo na kurudi. Alikuwa ameitwa na wenye ranchi aje kuwatazamia ng'ombe. Nyambu akasikia, akaja kwangu kwa aibu, kwa vile Jumapili alikuwa mtu wa kwaya. "Shemeji," alisema, "mwombe mjomba anitazamie na mimi. Lakini isifike kwa pasta."

Nilimkaribisha mjomba kwa chai yenye vijiko sita vya sukari. Alikuwa na udhaifu wa sukari kama wengine walivyo na udhaifu wa pombe. Nikamwekea na kifurushi kingine cha kwenda nacho nyumbani. Kisha nikamwambia, "Mjomba, mwambie risasi haitampata."

Akanywa kwanza. "Na utumbo ukisema vingine?"

"Mjomba, utumbo ni wa mbuzi. Mdomo ni wako."

Alicheka mpaka akapaliwa. Akasema mimi nilipaswa kuzaliwa mwanamume, nikawa chifu.

Kesho yake asubuhi mbuzi akachinjwa. Mjomba alitandaza utumbo juu ya majani, akauinamia, akakohoa kikohozi kile cha watu wanaopewa heshima, akasema kwa sauti ya kusikika hadi zizini: "Nyambu, bunduki ya kukuua haijatengenezwa. Wewe utatuzika sisi sote." Walinzi walipiga vigelegele kama wanawake. Nyambu aliinama juu ya ule utumbo, akautazama kwa muda. Halafu akajifuta mikono kwenye suruali na kusema, "Haya basi."

Nikauliza hapo hapo kama naweza kuwasha jiko mchana. Akasema, "Washa, shemeji. Washa."

Yale maharagwe ya kwanza, saa sita mchana, yaliiva mpaka yakapasuka. Kimeu alifungua blanketi lake, akalitandika.

Kuanzia hapo Nyambu akawa mtu mwingine. Alinyoosha mgongo. Alirudia nyimbo zake, na akitembea porini ungemsikia kabla hujamwona. Handaki alilotuchimbisha kwa jasho likawa la kuku. Yule mwekundu alihamia humo na mayai yake, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na sufuria yangu peke yangu. Kila aliyefika kambini alisimuliwa utabiri, hata dereva wa lori, hata mganga wa mifugo. Kimeu peke yake ndiye ambaye hakupendezwa. Alisema kwao Ukambani wana waaguzi pia, na anawaheshimu, ila risasi haijui kusoma utumbo. Tukamwambia anaona wivu kwa sababu hakuchinjiwa.

Nami nikajisifu moyoni. Niliona uongo wangu mdogo umefanya kazi ambayo serikali imeshindwa.

Wiki mbili baadaye wakaja.

Nilikuwa nimewapelekea chakula walinzi kule kwenye lambo, sufuria kichwani. Kimeu alinivuta mguu, nikaanguka nyuma ya tuta la udongo, na mchuzi ukanimwagikia shingoni. Risasi zikapita juu. Sikuwahi kuzisikia kabla. Zilikuwa kama kitambaa kipya kinachochanwa.

Walikuwa watano, ng'ambo ya maji.

Walinzi wote walilala chini. Mimi nililala chini ya walinzi.

Nyambu alisimama.

Alisimama wima, akakung'uta magoti, akaanza kuzunguka lambo akielekea kwao. Hakukimbia. Alikuwa akitoa amri kwa sauti ya paredi: "Wekeni silaha chini! Mikono juu! Wewe mwenye kofia, nakuambia wewe!" Vumbi liliruka upande huu na upande huu wa miguu yake. Hakugeuka.

Bunduki ya yule mwenye kofia ikakwama. Nilimwona akiipiga kofi. Kisha akamtazama yule mtu anayemjia kama mwalimu mkuu, akamtazama tena, na akatoka mbio. Wenzake wakamfuata. Waliacha pembe nne, redio iliyokuwa bado ikitangaza, na kiatu kimoja.

Kimeu aliinua kichwa. "Huyu mtu ni mwendawazimu," alisema. Halafu akaenda kumbeba begani.

Sifa zikafika Voi kabla yetu. Nyambu aliitwa kwenye baraza, akapewa cheti, akashikwa mkono na mkubwa fulani aliyevaa glavu. Pale stesheni ya reli watu walimnunulia chai vikombe vingi hata ikabidi aombe nafasi ya kwenda haja katikati ya hotuba. Dada yangu alishuka kutoka Mgange na kitenge kipya. Sijawahi kumwona akiwa na furaha namna ile. Alininong'oneza, "Umemtunza vizuri," nami nikaitikia "Asante" kama mtu mwenye haki ya kuitikia.

Siku moja, tukiwa tumerudi kambini, nilijaribu kusema. Alikuwa anasafisha bunduki, nami nilikuwa napepeta mchele. Nilianza, "Shemeji, ule utumbo, yale maneno ya mjomba…" Akaniinulia mkono bila kunitazama. "Wakesho," alisema, "usiniharibie." Nikashukuru kukatazwa. Kunyamaza ni rahisi zaidi ukiwa umeamriwa. Niliongeza chumvi kwenye mboga nikaendelea na maisha.

Mwezi uliofuata Kimeu alimwendea rasmi, kofia mkononi. Alisema moshi wetu unaonekana mpaka Maungu, na wale watu hawajasahau pembe zao. Aliomba turudishe amri ya zamani hata kwa wiki moja. Nyambu alicheka, akamwuliza kama anataka tena maharagwe ya kokoto. Wanaume wote wakacheka. Nilicheka zaidi yao wote, kwa kuwa jiko lilikuwa langu.

Walikuja saa sita mchana. Sufuria ilikuwa motoni tangu saa tatu, na hakukuwa na upepo. Moshi ulipanda moja kwa moja juu, mweupe, bila kupinda.

Kimeu alipiga kelele kutoka kilimani, alikokuwa zamu na mwenzake. Neno moja tu: "Laleni!"

Walinzi wawili walikimbilia handaki. Kuku walitoka humo wakipiga mayowe.

Mimi nililala kando ya mawe ya jiko, uso majivuni.

Nyambu alitoka hemani akiwa na taulo begani. Aliliweka taulo vizuri juu ya kamba ya hema. Akachukua bunduki. Akatembea.

"Wekeni silaha chini," alisema.

Safari hii hakuna bunduki iliyokwama.

Kimeu na mwenzake walipiga kutoka juu, risasi moja moja, mpaka wale wakarudi nyuma na kutoweka. Haikuchukua muda wa kuchemsha yai. Nilitambaa hadi alipokuwa. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye gurudumu la mkokoteni wa maji, mikono yote miwili tumboni, kama mtu aliyeshiba.

Nilimfunga kwa kanga yangu. Nikamwambia, maana sikuweza tena kukaa nalo: "Shemeji, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia mjomba aseme vile."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Niliuona ule utumbo, Wakesho. Nimechinja mbuzi wangapi mimi? Ile njia ya uhai wangu ilikuwa imekatika. Nyeusi kabisa." Alivuta pumzi. "Hata mtoto angeona."

"Mbona hukusema?"

Alifikiri, kana kwamba swali lilikuwa gumu. "Mlianza tena kunitazama vizuri," alisema. Halafu akauliza kama maharagwe hayaungui.

Yalikuwa yanaungua. Lori lilipatikana baada ya saa nzima, tukamlaza nyuma juu ya magunia. Alifariki kabla hatujaifikia barabara kuu.

Kwenye mazishi, kila mtu alikuja na maelezo yake, na kila maelezo yalimfaa mwenye kuyatoa. Pasta alisema ni mpango wa Mungu. Mkaguzi wa polisi alisema ni uzembe wa marehemu. Wazee wakatikisa vichwa wakasema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sahani za wageni, nikijiuliza ni nani aliyeipaka miti ile mafuta. Hakuna aliyetaja moshi. Hakuna aliyetaja maharagwe. Wengine walikuwa wakiyala wakati huo.

Nilimvuta mjomba nyuma ya ghala. Nilitaka angalau jambo moja la kushika. Nikamwambia alichoniambia Nyambu kuhusu njia iliyokatika, nikamwuliza, "Wewe uliona hivyo hivyo?"

Mzee alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi sikuangalia," alisema. "Ulikuwa umeshaniambia la kusema. Ya nini niangalie?"

Nimelitafuna jambo hili miaka mingi. Kama utumbo ulisema kweli, basi alikuwa wa kufa tu, na mimi na sukari yangu hatukuongeza kitu. Ni wazo tamu, na siku nyingine hunipa usingizi. Lakini namwona Kimeu na kofia yake mkononi, akiomba wiki moja tu bila moshi, na Nyambu akicheka, na mimi nikicheka kuwazidi. Kicheko kile hakikuandikwa kwenye utumbo wa mbuzi yeyote. Yeye alijua na akatembea. Mimi sikujua kitu na nikawasha jiko. Kila mmoja wetu ana fungu lake, na langu siwezi kumrudishia mbuzi.

Baada ya arobaini nilimwambia dada yote. Sikumficha sukari, wala jiko, wala kicheko. Alisikiliza huku akipukuchua mahindi, na hakuacha kupukuchua.

Kwetu, mtu akiwa na hasira juu ya ndugu yake, haachwi akae nayo, kwa sababu hasira ya ndugu huumiza watu hata ikinyamaza. Hufanyiwa kutasa. Mwenye hasira hutia maji mdomoni, akayapuliza nje kwa nguvu mbele ya mwenzake, akasema moyo wangu uwe mweupe, uende salama. Ukishapuliza umetoa. Lakini lazima maneno yawe ya kweli, la sivyo ni maji tu.

Shangazi zetu wakatukalisha uani, asubuhi, mimi nimeinamisha kichwa. Mkambe akapewa kibuyu. Akatia maji mdomoni. Nilingoja. Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye migomba, na nilikuwa na muda wa kuwasikia wote. Kisha nikasikia koo lake.

Alikuwa ameyameza.

"Siwezi, Wakesho," alisema. "Nikiyatema sasa nitakuwa nimesema uongo. Na uongo kwenye nyumba hii umetosha." Akasimama, akanipa jembe, akasema jua linapanda na nyanya hazijapaliliwa.

Usifikiri alinitupa. Tumelima shamba moja tangu siku hiyo. Tumeuza nyanya pamoja Voi, tumelea watoto wa Nyambu pamoja, na nikiugua ni yeye anayenipikia uji, ingawa maharagwe hajapika tena. Kila mwaka baada ya mavuno huniita uani bila shangazi, kwa sababu wote wamekwisha. Ananiambia, "Njoo tujaribu." Anatia maji mdomoni, tunangoja wawili sisi, mashavu yake yamefura mpaka siku nyingine mimi hushindwa na kucheka, naye hunikazia macho. Halafu humeza.

Sasa ni mzee, na meno ya mbele yamemtoka. Mwaka jana alipokuwa ameyashika maji mdomoni, yalimponyoka kidogo pembeni, na matone mawili yakaanguka juu ya mkono wangu. Alimeza yaliyobaki, akajifuta kidevu kwa haraka. "Hayo hayahesabiki," alisema. "Hayo ni ya meno."

Nikamwambia ndiyo, dada, ni ya meno. Tukakaa kidogo. Mkono wangu sikuufuta.